Mstari wa ugonjwa ukikata kona, nani wa kwanza kuiona?

Kiongozi anaposimama jukwaani na kusema malaria imepungua, au mganga mkuu anapotangaza kuwa kipindupindu kimeingia, nyuma ya maneno yake kuna mstari. Mstari huo umechorwa kwa wagonjwa waliohesabiwa wiki baada ya wiki katika zahanati na vituo vya afya, kuanzia Bariadi na Itilima hadi Maswa, Meatu na Busega. Kama mwezi uliopita ulimpeleka mwanao kupimwa homa, naye amehesabiwa humo.

Mstari wa namna hiyo hautulii. Wiki hii wagonjwa 18, wiki ijayo 23, inayofuata 20. Kazi ngumu ni kujua ni lini kupanda na kushuka huko ni mtikisiko wa kawaida tu, na ni lini hali yenyewe imegeuka. Wataalamu wa takwimu hupaita pale hali inapogeuka nukta ya mabadiliko. Katika safu hii tutasema tu kwamba mstari umekata kona.

Jambo hili linakuhusu wewe mgonjwa na wewe mzazi kuliko unavyodhani. Kona ikionekana mapema, vipimo, dawa na ORS hufika kabla wodi haijajaa. Ikichelewa kuonekana, watoto wadogo ndio huumia kwanza. Na ikidhaniwa kuna kona kumbe hakuna, dawa chache zilizopo hupelekwa pasipohitajika.

Kuna maswali matatu ambayo kila anayekusomea takwimu za ugonjwa anapaswa kuwa na majibu yake. Ni kona kweli au ni mtikisiko? Ilianza lini? Na je, kilichobadilika ni ugonjwa au ni namna ya kuhesabu?

Kipindupindu na malaria havina kengele moja

Mwishoni mwa mwaka 2023 na kuingia 2024, Simiyu ilikuwa miongoni mwa mikoa ya Tanzania iliyokumbwa na kipindupindu. Kwa ugonjwa huu kanuni ni nyepesi: mgonjwa mmoja aliyethibitishwa na maabara anatosha kutangaza mlipuko. Hakuna anayesubiri wafike kumi. Mahali ambapo hapakuwa na kipindupindu, idadi ya kawaida ni sifuri. Ukitoka sifuri kwenda moja, kona imeshakatwa.

Malaria ni tofauti kwa sababu ipo mwaka mzima na huongezeka kila baada ya mvua. Mganga wa zahanati hawezi kupiga kengele kwa sababu wagonjwa wa Februari wamezidi wa Septemba. Anapaswa kulinganisha wiki hii na wiki kama hii ya miaka iliyopita.

Utaratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa unaotumika katika nchi za Afrika unamwelekeza hivi: chukua idadi ya wagonjwa wa malaria wa wiki hiyohiyo kwa miaka mitano iliyopita, zipange kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha tazama namba ya nne. Mwaka huu ukiivuka, kuwa macho.

Tuchukue zahanati ya mfano, si ya kweli. Katika wiki ya pili ya Februari, kwa miaka mitano ilipata wagonjwa 14, 17, 21, 26 na 90. Ule wa 90 ulikuwa mwaka wa mlipuko. Ukitumia wastani unapata karibu 34, na wagonjwa 30 wa mwaka huu wataonekana wachache. Ukitumia namba ya nne, ambayo ni 26, wagonjwa 30 wamevuka mstari na mtu anapaswa kuuliza kulikoni. Ndiyo maana wastani hautumiki hapo: mwaka mmoja mbaya unauvuta juu na kuficha mbaya mwingine.

Lakini kengele hii nayo ina kasoro. Ukifanya hesabu, hata pasipo mlipuko wowote, karibu wiki moja kati ya tatu itavuka namba ya nne kwa bahati tu. Tena vituo ni vingi. Tuseme kengele ni nzuri mno, inalia kwa makosa mara moja tu katika wiki 100. Vituo 100 vikiitumia, kila wiki kituo kimoja hivi kitalia bure, yaani kama mara 52 kwa mwaka. Kwa hiyo ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya inapopokea taarifa moja ya malaria na kusema "tunafuatilia" kabla ya kutangaza, si lazima iwe imezembea. Inatazama kama wiki ya pili nayo itavuka, kama kijiji jirani nacho kimepanda, na kama sehemu ya waliopimwa wakakutwa na vimelea imeongezeka.

Uzembe huanza pale wiki ya pili, ya tatu na ya nne zinapopita na hakuna aliyetazama.

Hesabu ya mkulima wa pamba

Kuna aina ya kona ambayo kengele ya wiki moja haiioni kabisa. Ni ile inayopinda polepole.

Mkulima wa pamba wa Simiyu anaijua bila kufundishwa. Tuseme mizani ya mnunuzi inapunguza nusu kilo kila mzigo. Ukipeleka mzigo mmoja huwezi kugombana, kwani huenda wewe ndiye ulikisia vibaya nyumbani. Lakini ukiandika tofauti ya kila mzigo na kuijumlisha, baada ya mizigo 20 zimepotea kilo 10. Makosa ya kukisia yangeenda huku na huku na kufutana. Mizani yenye hila huenda upande mmoja siku zote.

Mtakwimu wa Uingereza, E. S. Page, aliandika kanuni ya hesabu hiyo mwaka 1954. Lengo lilikuwa kukagua bidhaa za viwandani, kujua haraka kama mashine imeanza kuharibika. Baadaye watu wa afya waliichukua. Inafanya kazi hivi.

Zahanati yetu ya mfano kwa kawaida hupata wagonjwa 20 wa malaria kwa wiki, na imeambiwa ipige simu wakizidi 28. Katika wiki nane imepata 22, 18, 21, 19, 24, 25, 23 na 26. Hakuna wiki iliyofika 28, kwa hiyo hakuna aliyepiga simu. Sasa toa 20 katika kila wiki na jumlisha kinachobaki unapoendelea. Unapata 2, kisha 0, 1, 0, halafu 4, 9, 12 na 18. Wiki nne za kwanza jumla ilizunguka kwenye sifuri. Kuanzia wiki ya tano inapanda tu bila kurudi.

Kama zahanati ingekubaliana kwamba jumla ikivuka 15 itoe taarifa, ingeitoa wiki ya nane. Na zaidi ya hapo, ukitazama nyuma unaona jumla ilianza kupanda baada ya wiki ya nne. Kengele imelia wiki ya nane, lakini kona ilikatwa wiki ya tano. Pengo la wiki hizo ndilo lenye watoto waliougua kabla mtu hajajua. Mbinu zote za kutafuta kona, hata zile zinazofanywa na kompyuta, zinapigania kitu kimoja: kulifupisha pengo hilo bila kuwasumbua watu kwa kengele za bure.

Kazi hii haihitaji kompyuta. Inahitaji daftari lililojazwa kila siku na mtu aliyepewa muda wa kujumlisha.

Ilianza lini?

Swali la pili ndilo linaloamua nani apewe sifa na nani alaumiwe. Kanuni yake ni kwamba sababu hutangulia matokeo.

Kule Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walifuatilia kwa miaka 18 watoto waliolazwa katika hospitali ya wilaya. Mwaka 2008 walichapisha kwamba kiwango cha watoto waliolazwa kwa malaria kilishuka kutoka 18.43 kwa kila watoto 1,000 mwaka 2003 hadi 3.42 mwaka 2007. Ni kushuka kukubwa. Mtu wa haraka angesema ni kazi ya vyandarua vyenye dawa. Lakini walipotazama mstari ulianza kupinda lini, walikuta dalili za kushuka zilianza kabla vyandarua havijasambazwa kwa wingi.

Hilo halina maana kwamba vyandarua havisaidii. Jaribio lililofanywa Kilifi hukohuko miaka ya 1990 lilionyesha vinapunguza vifo vya watoto. Maana yake ni kwamba kulikuwa na sababu nyingine pia, na sababu usiyoijua huwezi kuilinda. Baada ya mwaka 2009 watoto wanaolazwa kwa malaria Kilifi walianza kuongezeka tena.

Kwetu, mfano mkubwa ni vifo vya wajawazito. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Habari hii imesemwa sana, na Februari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitunukiwa tuzo ya Gates Goalkeepers kwa juhudi za kupunguza vifo vya mama na mtoto.

Je, ni kona kweli? Tazama namba za nyuma pia. Utafiti wa 2004-05 ulisema 578, wa 2010 ukasema 454, wa 2015-16 ukarudi juu hadi 556, ndipo 104. Mstari uliopanda na kushuka hivyo unaonyesha kwamba kipimo chenyewe hutikisika. Utafiti huu huwauliza watu kuhusu dada zao waliofariki miaka kadhaa nyuma, na vifo vinavyopatikana katika sampuli ni vichache. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa hesabu yao wenyewe, yalikadiria Tanzania ilikuwa na vifo 238 kwa mwaka 2020. Kote mwelekeo ni mmoja: vimepungua. Ukubwa wa kupungua ndio haulingani.

Sasa uliza sababu. Wengi hutaja M-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga unaopatikana kwa kupiga 115. Ni mfumo mzuri, nasi wa Kanda ya Ziwa tuliuona mapema kwa sababu majaribio yake yalifanyika Sengerema na Shinyanga. Lakini ulizinduliwa kitaifa Aprili 2022, wakati utafiti wa 2022 ulikuwa tayari uko mitaani ukiuliza kuhusu vifo vya miaka iliyopita. M-mama haiwezi kuwa sababu ya kona iliyokatwa kabla haijafika nchi nzima. Mchango wake utaonekana katika namba zinazofuata, kama zitakusanywa.

Ugonjwa umebadilika, au daftari?

Swali la tatu ndilo linalowapoteza wengi, hata wasomi. Wakati mwingine mstari unakata kona kali na hakuna mtu hata mmoja aliyeugua zaidi wala kupona zaidi.

Simiyu yenyewe ni mfano. Sensa ya 2002 ilihesabu watu takriban milioni 2.8 katika Mkoa wa Shinyanga. Sensa ya 2012 ilihesabu 1,534,808. Watu zaidi ya milioni moja hawakufa wala kuhama. Mwaka 2012 ulizaliwa Mkoa wa Simiyu, ukachukua Bariadi, Maswa na Meatu kutoka Shinyanga, na Busega kutoka Magu ya Mwanza. Geita nayo ikachukua Bukombe. Mtu aliye mbali, anayechora mstari wa wagonjwa wa Shinyanga bila kujua historia hii, ataona ugonjwa umeanguka ghafla na huenda akaandika ripoti ya ushindi.

Kisha tazama Simiyu peke yake. Mwaka 2012 ilikuwa na watu 1,584,157. Mwaka 2022 ilikuwa na 2,140,497, ongezeko la asilimia 35. Maana yake ni kwamba hata kama ugonjwa haujabadilika hata kidogo, idadi ya wagonjwa ingepanda kwa asilimia 35. Ukiambiwa "wagonjwa wameongezeka", uliza: wameongezeka kuliko watu?

Kona kubwa zaidi ya daftari ni ya malaria. Kwa miaka mingi mtoto mwenye homa aliandikwa malaria bila kupimwa. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 4,474 waliokuwa na hali mbaya wakitibiwa malaria kali, chini ya nusu, asilimia 46, walikutwa na vimelea vya malaria katika damu. Kilichoumiza zaidi ni kwamba wasio na vimelea walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko wenye vimelea. Waliandikiwa ugonjwa ambao hawakuwa nao, na ule waliokuwa nao haukutibiwa inavyotakiwa.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Kipimo cha haraka, mRDT, kikasambaa hadi zahanati za vijijini. Zahanati iliyokuwa ikiandika wagonjwa 300 wa malaria kwa mwezi kwa kukisia ingeweza kuanza kuandika 150 kwa kupima, na mbu wakawa walewale. Mstari umekata kona, ila ni kona ya kipimo.

Ndiyo maana wataalamu huona heri utafiti unaopima damu za watoto nyumba kwa nyumba. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, maambukizi ya malaria Tanzania Bara yalikuwa asilimia 18.1 mwaka 2007-08, yakashuka hadi karibu 9 mwaka 2011-12, yakapanda kuvuka 14 mwaka 2015-16, yakashuka hadi zaidi kidogo ya 7 mwaka 2017, na mwaka 2022 yakawa 8.1. Jukwaani utasikia "kutoka 18.1 hadi 8.1", na ni kweli. Lakini humo katikati mstari ulipanda tena, na waliougua mwaka 2015 waliugua kweli. Tena tafiti hizi hazikufanyika miezi ileile ya mwaka, na malaria ni ugonjwa wa msimu. Tofauti ya mwaka 2017 na 2022 ni ndogo mno kuitwa kona. Kuanguka kutoka 18 hadi 8 ni kukubwa mno kuitwa mtikisiko.

Tafiti zikipungua, daftari linabeba mzigo

Mapema mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Miongoni mwa vilivyosimama ni mpango wa kimataifa uliokuwa ukisaidia nchi nyingi, ikiwemo Tanzania, kufanya zile tafiti za nyumba kwa nyumba. Karibu namba zote za vifo vya wajawazito na maambukizi ya watoto nilizotaja hapo juu zilitoka katika tafiti za aina hiyo.

Hii ni hatari yenye sura mbili. Kwanza, huduma zenyewe zinaweza kuyumba na magonjwa yakapanda. Pili, macho yaliyokuwa yakitazama kwa mbali yanaweza kufumba wakati huohuo. Utafiti wa kila baada ya miaka mitano tangu mwanzo haukuweza kukuambia nini kimetokea Machi katika kijiji cha Meatu. Lakini ulikuwa shahidi wa nje, asiyetegemea nani amefika zahanati na nani hakufika.

Shahidi huyo akikosekana, tunabaki na madaftari ya MTUHA na taarifa za kila wiki za magonjwa zinazotoka vituoni. Madaftari hayo yana udhaifu unaotokana na sisi. Homa iliyotibiwa kwa vidonge vya duka la dawa haimo. Kuhara kulikotibiwa nyumbani hakumo. Mtoto aliyepelekwa kwa mganga wa kienyeji kwanza anaingia daftarini siku ya nne akiwa hoi, au haingii kabisa. Kila mmoja wao anasogeza mbele siku ambayo kengele italia, na wanaoumia ni majirani zake.

Mstari ulio kabatini kwako

Mzazi, unao mstari mmoja ambao hakuna ofisi inayoutazama kwa karibu kama wewe: ule wa kadi ya kliniki ya mwanao. Kila mwezi uzito unawekwa kama nukta, na nukta zinaunganishwa. Maswali yaleyale matatu yanafanya kazi hapo.

Ni kona au mtikisiko? Mtoto anaweza kupungua gramu mia na kitu kwa sababu amepimwa asubuhi kabla ya kula, au ametoka kuharisha. Nukta moja peke yake haitoshi kukutia hofu. Lakini mstari uliolala miezi miwili, au unaoshuka huku mistari ya kadi inapanda, ni kona. Usidanganywe na uzito kuwa bado "uko pazuri" kwenye kadi. Mtoto aliyekuwa juu anaweza kuporomoka muda mrefu kabla hajafika eneo la hatari. Tazama mwelekeo kwanza.

Ilianza lini? Rudisha kidole nyuma hadi mahali nukta zilipoanza kulala. Kulitokea nini mwezi ule? Aliachishwa ziwa? Alianza kulelewa na mtu mwingine kwa sababu mama yuko shambani? Aliumwa surua, nimonia au kuharisha? Jibu hilo humsaidia mhudumu kuliko kusema "hali vizuri".

Mtoto amebadilika au mizani? Kama nukta iligeuka mwezi uleule mlipohamia kituo kingine, au siku hiyo alipimwa na nguo nzito, omba apimwe tena. Mstari huu ni wako, una haki ya kuuliza.

Ufanye nini

Homa ya mtoto ipelekwe kupimwa siku hiyohiyo au kesho yake. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, usilazimishe dawa ya malaria. Uliza: kama si malaria, ni nini? Swali hilo lingewasaidia wengi katika zile hospitali 10.

Usingoje hesabu ya mtu yeyote mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akipumua kwa shida, au akiwa mlegevu asiyeamka vizuri. Nenda kituoni mara moja, mchana au usiku.

Kuharisha maji mengi mfululizo, kwa mtu mzima au mtoto, ni taarifa ya kijiji kizima. Anza kumpa ORS, mpeleke kituoni, na mwambie mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mwenyekiti wa kitongoji. Unaweza pia kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo. Kumbuka kwamba kwa kipindupindu mgonjwa mmoja anatosha.

Hakikisha unaandikwa. Ukitibiwa, taja umri, kijiji na siku ugonjwa ulipoanza, si siku uliyofika tu. Siku ya kuanza ndiyo inayosaidia kuipata kona.

Kwenye mkutano wa kijiji, au kupitia kamati ya usimamizi wa kituo chenu, mwombe mganga mfawidhi awaonyeshe mstari wa malaria na wa kuhara wa mwaka huu ukiwa pamoja na ya miaka iliyopita. Muulize ni lini mara ya mwisho ulivuka, na nani alipigiwa simu. Zahanati iliyoubandika ukutani itajibu mara moja. Ile isiyo nao ianze wiki hii: karatasi, kalamu, rula na namba zilizomo tayari katika daftari lake vinatosha.